Jibu ni Langu, Swali ni la Nani?

Ndugu msomaji, nakuuliza swali moja, na tafadhali usilijibu haraka. Umeketi na wenzako barazani, ukatoa maneno mazuri, watu wakatikisa vichwa, mmoja akasema "hapo umenena". Kesho yake ukayachukua maneno yaleyale ukayapeleka mahali pengine, yakachapwa kwa jina lako. Umefanya nini? Umechukua mali yako, au umekwapua mali ya baraza?

Wengi watacheka. Watasema, we kijana huna kazi? Maneno ni yako, mdomo ni wako, peleka unakotaka. Mimi pia nilifikiri jibu ni jepesi namna hiyo. Lakini swali hili limekisumbua kikundi chetu cha waandishi chipukizi kwa miezi mitatu nzima, watu wakanuniana, na mmoja akasusa kuja. Kwa hiyo naomba nilieleze polepole, maana naamini si letu peke yetu. Kila kijana anayeandika akiwa na wenzake, siku moja litamfika.

Mambo yenyewe yako hivi. Sisi ni watu kumi na mmoja. Tunakutana Jumamosi jioni huku Mbagala, uani kwa mwenzetu mmoja fundi cherehani, mke wake anatupikia chai ya rangi na sisi tunakuja na vitumbua. Karibu wote tumeishia kidato cha nne. Hatuna mlezi, hatuna mfadhili, hatuna hata mhuri. Tulicho nacho ni daftari, kaunta buku nene, ambalo kila wiki linakwenda kulala nyumbani kwa mtu mmoja kwa zamu. Aliye nalo anaandika swali, au kipande cha hadithi, au malalamiko yake juu ya uandishi. Anayefuata anajibu chini yake. Jibu linajibiwa, na jibu la jibu linajibiwa, mpaka kurasa nyingine zimejaa hadi pambizoni, mtu anageuza daftari upande ili apate pa kumalizia sentensi. Sasa hivi tuko daftari la tatu.

Mle ndani nimeandika maneno mengi kuliko yaliyomo kwenye mswada wa riwaya yangu. Niliandika juu ya lugha ya makonda wa daladala, kama inafaa kuingia kitabuni jinsi ilivyo. Niliandika kwa nini mhusika maskini kwenye hadithi zetu ni lazima achekeshe au afe. Niliandika juu ya mtu kuyaandika maisha ya mama yake mzazi ilhali mama mwenyewe yuko hai, anamkaangia samaki. Basi mwaka huu jarida moja likatangaza kwamba linapokea insha za vijana. Nikayafungua madaftari, nikakuta ninazo kurasa sita ambazo, zikinyooshwa kidogo, ni insha kamili. Jumamosi iliyofuata nikawaambia wenzangu: nataka kuzinakili hizi za kwangu nizipeleke.

Jamani, kelele!

Fundi cherehani ndiye aliyeanza. Alisema, "Ulipoandika humu ulitupa sisi. Mtu akishatoa mchango wa harusi, harudi wiki ya pili kuudai ili akachangie harusi nyingine." Watu wakapiga makofi. Mwenzetu mwingine, dereva wa bodaboda ambaye anatunga mashairi, akasimama: "Hapana, huu ni upatu. Kila mtu anaweka, na kila mtu ikifika zamu yake anabeba. Mwacheni abebe." Napo wakapiga makofi, wengine walewale. Maneno haya mawili nimeyaweka hapa kwa ruhusa ya wenyewe. Sababu ya kuitaja ruhusa hiyo utaiona huko mbele.

Nilikaa na mifano hiyo siku kadhaa nikiipima. Nikaona yote miwili inachechemea, tena kwa mguu uleule: inayahesabu maneno kama fedha. Shilingi elfu kumi nikikupa, mimi sinayo tena. Neno nikikupa, tunalo wote wawili, na huenda kwako likawa kubwa kuliko lilivyo kwangu. Nikiunakili ukurasa wangu na kuupeleka kwingine, daftari halijapungua hata nukta. Anayetaka kuusoma Jumamosi ataukuta palepale. Kwa hiyo sijadai mchango urudi, wala sijabeba cha mtu. Ningeuchana ukurasa ule, hapo ingekuwa habari nyingine. Mwandiko ungekuwa wangu, ndiyo, lakini chini yake kuna majibu ya watu, na juu yake kuna swali ambalo lingebaki linaning'inia kama kamba ya nguo isiyo na nguo.

Sheria nayo haina kigugumizi. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa lugha ya kawaida, kazi ya maandishi ni ya aliyeitunga tangu anapoitunga, isipokuwa kama ameitunga akiwa kazini kwa mwajiri au amekubaliana vingine. Kikundi chetu hakina mkataba na mtu, kina sukari na majani ya chai. Kwa hiyo mbele ya sheria kurasa sita ni zangu.

Wala si jambo jipya kwamba maneno yatolewe kwanza kwenye uwanja wa wote kisha yahamie pengine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 wakati wa Mwingereza, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Karani wa huku, mwalimu wa kule, wote walituma beti zao. Shaaban Robert alikuwa mmoja wao. Baadaye mashairi ya gazeti hilo yalikusanywa yakawa kitabu, Mashairi ya Mambo Leo, kilichotolewa London mwaka 1946. Karibu na sisi, Eric Shigongo alizitoa hadithi zake magazetini kwa mfululizo, mtu unasubiri toleo la wiki ijayo kama unasubiri mshahara, kisha zikawa vitabu. Hakuna msomaji aliyesema ameibiwa. Aliyezisoma kwanza kipande kwa kipande ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia kitabu.

Basi ningeweza kuishia hapa, nikawaambia wenzangu: mmeshindwa, nipisheni. Lakini kulikuwa na kitu kinanikwaruza, na sikukijua mpaka nilipoanza kunakili.

Kati ya zile kurasa sita, nne zilikuwa majibu. Hazikuanza kwangu. Zilianza kwa mtu mwingine, kwenye mstari wa juu, kwa wino wa rangi nyingine. Nikaanza kunakili moja: "Sikubaliani na wewe, kwa sababu..." Wewe ni nani? Msomaji wa jarida atajuaje? Nikafuta, nikaandika: "Watu wengine husema..." Hapo kalamu ikasita. Watu wengine! Mtu mmoja mwenye jina, aliyekaa usiku mzima na koroboi kwa sababu umeme ulikatika, akaandika ukurasa na nusu wa hoja ngumu, mimi namgeuza kuwa "watu wengine". Tena hoja yake ngumu naikata naibakiza mstari mmoja dhaifu, ili jibu langu lionekane limepiga ngumi ya maana.

Hili nalo lina historia yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, tunamjua kama bingwa wa ushairi wa mjini. Beti zake zilikuwa mdomoni mwa watu. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kwa wazee, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kama diwani. Sasa, mashairi mengi ya Muyaka ni ya kujibizana. Anamjibu mtu, anamchokoza mtu, anaupiga kijembe mji wa watu. Kijana wa leo akiyasoma bila maelezo ya pembeni anasikia sauti ya mtu anayegombana na ukuta. Ushairi wake ni mtamu, lakini nusu ya utamu ilikuwa kwa yule aliyemjibu.

Halafu linganisha na kitabu kilichotolewa Marekani mwaka 1995 na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Hayo ni mashairi waliyotumiana watu wa pande zilizohasimiana, zama za ugomvi wa Mombasa na Lamu. Humo wahasimu wanakaa kitabu kimoja. Hawapatani, wanarushiana maneno makali, lakini kila mmoja anasikika. Unajua nani kasema nini, na kwa nini mwenzake kapandisha sauti. Nilipolifikiria hilo nikaelewa kilichokuwa kinanikwaruza. Tatizo langu halikuwa kuyahamisha maneno yangu. Nilipokuwa nikiyahamisha, nilikuwa nikiwanyamazisha waliyoyaleta, kisha najionesha mbele ya watu kama mtu aliyekaa peke yake chini ya mwembe akawaza.

Naomba tulitazame hili vizuri, maana ndilo ninalotaka kulisema kuliko yote. Sentensi zinaweza kuwa zangu zote, kila koma yangu, na bado nikawa mwongo. Sina haja ya kunakili neno la mtu ili nimdhulumu. Inatosha nijifanye sikumsikia.

Nikaamua kuwafuata mmoja mmoja. Wenye maswali matatu kati ya manne walikubali mara moja. Mmoja alisema nimtaje kwa jina lake la kalamu. Mmoja alitaka nilinakili swali lake lote kama lilivyo, pamoja na makosa ya tahajia, "wajue sikuogopa". Wa tatu alisema nifanye nipendavyo, yeye ameshabadili mawazo.

Wa nne ni dada yetu mmoja. Swali lake sitalisema hapa lilikuwa juu ya nini. Niseme tu kwamba lilitoka kwenye jambo lililompata, na aliliandika kwa sababu aliamini daftari linalala kwa watu kumi tu. Jibu nililomwandikia ndilo ukurasa bora niliowahi kuuandika tangu nishike kalamu. Wenzangu walisema hivyo, na mimi najua hivyo. Nilimkuta gengeni kwake anapanga nyanya mafungu mafungu. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, jibu ni lako, sikatai. Ila ukilipeleka, mtu mwenye akili atalisoma swali langu ndani yake. Mimi sijawa tayari kusomwa." Akaendelea kupanga nyanya.

Nilimwambia sawa, dada. Lakini sikuondoka nikiwa na moyo mweupe, siwezi kudanganya. Njia nzima nilikuwa nikijenga hoja. Jina lake sitaji. Mtaa sitaji. Sheria iko upande wangu. Waandishi wakubwa wote wameandika juu ya watu. Ukurasa mmoja mzuri unaweza kumfungulia mlango kijana asiye na cheti cha maana, na mimi milango yangu ni michache, inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Nikajaribu njia ya katikati. Nilikaa chini kuliandika jibu lile upya, nikitoa kila kitu kinachomhusu, nibakize wazo tupu. Maana wazo ni huru, hata sheria haiweki uzio kwenye wazo. Nikaandika mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Lilitoka uji usio na sukari. Kila sentensi ilikuwa sahihi na hakuna hata moja iliyouma. Nilipolisoma kwa sauti nikajisikia kama mgeni rasmi anayehutubia mahafali. Hapo ndipo nilipokubali kwa moyo, si kwa mdomo, kwamba alichosema ni kweli: swali lake lilikuwa ndani ya jibu langu, halitoki kwa kufuta majina. Zile nguvu nilizodhani ni zangu, nusu yake nilikopeshwa na mtu aliyeuliza akiwa ameumia.

Ukurasa ule umebaki kwenye daftari la pili. Ukija Jumamosi, na wenzetu wakikuzoea, labda utausoma.

Sasa nirudi kwa fundi cherehani, maana hoja yake ya mchango ilianguka, lakini alikuwa na nyingine chini yake ambayo haijaanguka. Wiki moja baada ya mimi kutangaza nia yangu, daftari liliporudi lilikuwa limebadilika. Miandiko imekuwa mizuri. Hakuna aliyefuta. Hakuna aliyeandika "mimi hapa sielewi kitu". Watu wameanza kuandika kana kwamba mhariri anachungulia begani. Fundi akalifunga akasema, "Unaona? Kila mtu amevaa tai." Hilo lilinichoma kuliko mambo ya wizi. Baraza linafaa kwa sababu mtu anaweza kusema upuuzi akasahihishwa bila aibu. Ikiwa kila neno lina safari ya kwenda kuchapwa, hakuna atakayethubutu kusema neno bichi, na neno bichi ndilo linalopikwa na wenzako mpaka likaiva.

Kwa hiyo tulikubaliana jambo dogo. Anayetaka kutoa lake nje anatangaza kwanza, anasubiri ukurasa ule uache kujibiwa, ndipo ananakili. Linaloendelea kujibiwa haligusiki. Na yeyote aliyeulizia swali au kutoa hoja ndani ya ukurasa huo anaombwa, na akikataa, amekataa. Halihitaji kura. Aliyesusa amerudi, ingawa bado anakaa karibu na mlango.

Kuna mtu mwingine ambaye kwenye mabishano yetu hakutajwa kabisa, naye ni mhariri wa kule maneno yanakokwenda, pamoja na wasomaji wake. Mhariri anaposema "leteni kazi zenu", anadhani anapewa kitu kibichi. Ukimpa kilichokwisha kusomwa na watu kumi huna kosa, lakini mwambie. Akikataa, ni haki yake, ukurasa ni wake. Mimi barua yangu niliianza hivi: insha hizi zilizaliwa kwenye mazungumzo ya kikundi, na baadhi ni majibu kwa wenzangu ambao wameridhia. Sikuona kama nimejishushia bei. Jarida lenyewe halilipi, linatoa nakala mbili tu, na moja nimewaahidi wenzangu iwekwe ndani ya jalada la daftari. Siku likija lile linalolipa, msimamo wangu ni huu: malipo ya sentensi zangu ni yangu, ila nikibeba ukurasa wa mwenzangu ndani yake, tutagawana. Hata hivyo sukari ya Jumamosi ile itanihusu mimi.

Na tusisahau deni la kutunziwa. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Barua za Shaaban Robert 1931–1958, barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Maneno ni ya Shaaban, hakuna anayebisha. Lakini yametufikia kwa sababu aliyeandikiwa aliyatunza. Mimi kurasa zangu sita zisingekuwepo kama mtu asingelifunika daftari kwa nailoni wakati wa masika, au asingelirudisha Jumamosi baada ya Jumamosi akilipa nauli yake. Maneno yangu niliyoyatupa kwenye vipande vya karatasi nyumbani yamekwisha kufungiwa karanga.

Basi msomaji, mwenzangu unayeandika usiku wenzio wamelala, mimi nasema hivi. Chukua maneno yako. Usikubali mtu akwambie kwamba kwa kuwa uliyatoa bure, huna tena haki nayo. Sisi vijana tumeshanyimwa mengi, tusinyimane na hicho. Lakini kabla hujaondoka nayo, rudi juu ya ukurasa ukatazame ni nani aliyeuliza. Kama yupo, mtaje. Kama hataki kutajwa, muulize kama unaweza kupita. Na kama anasema bado, weka kalamu chini uandike kingine, maana atakayeuliza swali lijalo ni huyohuyo, na bila swali lake hutakuwa na la kujibu.

Fundi cherehani bado anasema nimekosea kuzipeleka hata zile tano. Tumeliandika daftarini, ukurasa wa kumi na nne, na nafasi chini yake ipo.